Mzigo Hai wa Stesheni ya Kindu

Katika daftari la chumba cha mizigo cha stesheni ya Kindu, chini ya sanduku la bati na juu ya cherehani isiyo na gurudumu, nimeandikwa mimi. Mwandiko ni wa baba, ule unaoinama kidogo upande wa kulia kama mtu anayepanda kilima: “Mtoto mmoja, wa kike. Hana kifurushi. Analia. Atokako: Tunda.” Katika safu ya mwisho, ile ya siku ya kuchukuliwa, hakuna kitu. Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote cha chuo kikuu, na neno linaloniudhi mpaka leo ni “analia”, kwa sababu baba hakuona haja ya kuandika lolote juu ya hali ya moyo ya cherehani.

Hayo yalitokea miaka ya vita. Treni ilikuwa haijaonekana kwa miezi mingi, majani yalikuwa yameota katikati ya reli, na mbuzi wa mtaa wa stesheni walinenepa kwa sababu hiyo. Hata hivyo baba, karani wa chumba cha mizigo, alivuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi kutoka kwetu Alunguli, kofia ya kazi kichwani, akafungua dirisha saa mbili kamili na kuketi nyuma yake mpaka saa kumi na moja. Mama alipomuuliza alikuwa akingoja nini, alijibu kwamba treni kutokuja ni kosa la treni, lakini dirisha kutofunguliwa lingekuwa kosa lake.

Na watu walikuja. Waliokimbia kutoka pande za Pangi na Kibombo, wakiwa hawana tena nguvu za kubeba walichokuwa wamebeba, walimwachia vitanda, masufuria, milango iliyong'olewa bawabani, na sanamu moja ya Bikira Maria iliyokuwa ndefu kuliko mtu aliyeileta. Kila mzigo ulipewa tiketi ya karatasi ngumu yenye namba, ikachanwa katikati. Nusu moja ilifungwa kwa kamba kwenye mzigo, nusu ya pili akapewa mwenyewe. Kanuni ilikuwa moja, na baba aliijua kama anavyoijua sala: mzigo hutolewa kwa yule anayekabidhi nusu yake ya tiketi, na hautolewi kwa mwingine yeyote hata akilia.

Siku hiyo alifika mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli, miguu imevimba. Nyuma ya baiskeli, kati ya madumu mawili ya mawese, nilikuwa nimefungwa kwa kitenge. Nilikuwa na miaka miwili au mitatu. Jambo hilo halijawahi kuamuliwa. Alisema yeye ni kaka wa mama yangu, kwamba wanatoka Tunda, na kwamba mama yangu alibaki njiani. Miaka ile mtu aliyesema “alibaki njiani” hakuulizwa swali la pili. Sasa alitaka kurudi kumtafuta mama yake mzee aliyejificha msituni, na njia ile haikuwa ya kupita na mtoto. Alimwomba baba anishike mpaka atakaporudi.

Baba alimweleza kwa upole kwamba hapo ni mahali pa mizigo. Mjomba alitazama milango, akaitazama sanamu, akauliza kama kuna kanuni inayokataza. Baba, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali zuri kama hilo, alifungua kitabu cha kanuni na kukisoma tangu mwanzo. Hakukuta katazo. Alikuta kifungu cha mizigo hai, kilichotungwa kwa ajili ya kuku na mbuzi, kinachosema kwamba mzigo wa namna hiyo usiachwe peke yake chumbani, bali karani auweke mahali penye maji na chakula mpaka mwenyewe afike. Basi akachana tiketi. Nusu moja akanifunga nayo kwenye kifundo cha mkono, nusu nyingine akampa mjomba, na saa kumi na moja akafunga dirisha na kuvuka mto pamoja nami.

Baba na mama hawakuwa na mtoto. Mama alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, alipotuona.

“Hii njo nini?” akauliza.

“Ni muzigo wa stesheni.”

“Muzigo wa stesheni unakukojolea shati?”

“Muzigo hai,” alisema baba.

Mama aliweka mchi chini, akanipokea, akanifungua kila kitu isipokuwa ile karatasi ya mkononi ambayo baba alimkataza kuigusa, akaniogesha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia mama akilitamka tena neno mzigo. Hata sokoni hununua fungu, furushi au gunia.

Mjomba hakurudi. Karatasi ilipoanza kuchakaa kwa maji ya kuoga, baba aliikata kamba na kuiweka katika mfuko wa ndani wa koti lake la kazi, ikakaa huko miaka yote. Nami nililelewa kama mtoto yeyote wa Alunguli: nikachapwa kwa kuogelea mtoni, nikapelekwa shule, nikadekezwa nilipougua, nikakatazwa kucheza na watoto ambao baadaye ndio waliokuwa rafiki zangu wakubwa. Hakuna siku niliyokosa baba wala mama. Lakini ndani ya nyumba yetu kulikuwa na hofu moja, ya mama, na haikufichika: kwamba siku moja mtu atasimama mlangoni na nusu ya pili ya tiketi, na mume wake, anayenipenda kuliko kitu chochote duniani, atavaa kofia yake na kunikabidhi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Kaka wa mama, mjomba wangu wa Alunguli, aliwahi kuacha begi lake stesheni na kupoteza tiketi. Alikuja kulichukua. Alieleza kilichomo ndani, shati kwa shati. Alitaja hata tundu lililo kwenye soksi. Baba alifungua begi, akathibitisha tundu, akalifunga tena, akasema kwamba anasikitika. Jioni hiyo walikula sahani moja hapa nyumbani, kwa sababu ni shemeji yake, na begi likabaki stesheni. Mpaka leo mjomba huyo akitembelewa na baba huanza salamu kwa kuuliza habari za soksi zake. Mama alijifunza kutoka kwa begi lile jambo ambalo wake wengi hawajifunzi kamwe: kwamba mume wake hawezi kushawishiwa.

Hivyo kila mwaka safari ya Tunda ilipotajwa, mama alishikwa na malaria. Ilikuwa malaria ya kweli, yenye kutetemeka na mablanketi, na ilipona jioni ile ile safari ilipoahirishwa. Baba alisema ni hali ya hewa. Mimi nilikuwa nimeanza kusoma sosholojia na sikusema kitu.

Mwishowe safari ililetwa na masomo yenyewe. Kazi yangu ya kumalizia chuo ilihusu haki ya mtoto wa kulelewa kujua asili yake. Niliiandika kwa moyo wote, na bado naamini kila ukurasa wake. Siku ya kuitetea, profesa mmoja aliyekuwa amesinzia tangu mwanzo alifungua jicho moja na kuuliza: “Na wewe mwenyewe, mademoazeli, umeshafika huko kwenu?” Nilipewa alama nzuri, nikarudi nyumbani nikiona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimedai kwa niaba ya watoto wote wa nchi jambo ambalo mimi sikulithubutu. Nikawaambia wazazi wangu kwamba nakwenda Tunda, na kwamba ningependa twende pamoja, kwa sababu mtu hana haki ya kutafuta familia moja kwa kuiacha nyingine uani.

Baba alisema ni sawa, mzigo una haki ya kujua utokako. Mama alijipapasa paji la uso, akalikuta baridi, akaenda kufunga vitu.

Alifunga chumvi, sabuni, sukari na vikwembe viwili vipya, vitenge vya kujifunga, kama inavyopasa kwa mgeni. Kisha akafunga kadi yangu ya chanjo, cheti cha ubatizo, ripoti zote za shule tangu darasa la kwanza, kiatu changu cha kwanza, na jino. Nilimuuliza vyote hivyo vya nini. Alisema mtu akienda mahali anaweza kuulizwa. Niliona kwamba hafungi mizigo ya safari. Anajiandaa kwa kesi.

Baba alikataa usafiri wowote usio wa reli. Tuliketi stesheni siku tatu. Kijana aliyechukua kazi yake pale dirishani alimpigia saluti kila alipopita, na kila tulipouliza treni tuliambiwa iko njiani, jambo ambalo baba alilipokea kwa heshima, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema maisha yake yote. Siku ya tatu mama, aliyekuwa ameomba kwa siri treni isije, alichoka na lile benchi na kutangaza kwamba kama ni kufa kwa hofu, afadhali afe akiwa anakwenda. Nikatafuta pikipiki tatu.

Baba alipanda yake akiwa na koti na kofia kamili. Kabla hatujatoka mjini alimweleza dereva kwamba kwenye reli kila kona hupigiwa filimbi, na kwamba haoni kwa nini barabara iwe na kanuni dhaifu zaidi. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Akapiga honi kwenye kona ya kwanza ili kumridhisha, na ya pili, na kwa kuwa njia ya Kibombo ni kona tupu na matope, tulisafiri kutwa nzima tukipiga honi kama harusi. Vijijini watu walitoka nje kumtafuta bibi harusi. Walipomwona mama, amekumbatia mgongo wa dereva kwa mikono miwili na macho ameyafumba, walisikitika.

Tulipumzika kwenye kijito fulani kabla ya Kibombo. Nilishuka kunawa uso na kumkuta mama amenipa kisogo, amefungua kilemba. Kati ya mikunjo ya kile kitambaa alikuwa na karatasi ngumu, ya manjano, yenye kitundu cha kamba. Niliitambua mara moja. Alikuwa ameiondoa katika koti la baba. Hakuniona. Aliikunja tena ndani, akafunga kilemba kwa nguvu, akainuka akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kusali.

Nieleze vizuri hesabu yake. Nusu mbili za tiketi hulinganishwa kabla ya mzigo kutolewa. Nusu ya baba isipokuwepo, hata aje mtu na ile nyingine, hakuna cha kulinganisha, na kanuni inamfunga karani mikono. Mama hakuwahi kusoma kitabu cha kanuni, lakini alilala karibu nacho miaka zaidi ya thelathini.

Baba aligundua Kibombo, mchana wa siku ya pili, tulipokuwa tukila wali na samaki. Alikuwa na desturi ya kugonga mfuko wake kila tuliposimama, na mara hii alipogonga hakusikia kitu. Aliacha kula. Alimwaga vitu vya begi lake juu ya mkeka, akavirudisha, akavimwaga tena. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, polepole, kwamba katika kazi yake yote hakupata kupoteza hata moja, na kwamba ilibidi ipotee hiyo.

Nilijua iliko. Sura ya tatu ya kazi yangu yote inaeleza madhara ya ukimya wa wazazi wa kulea. Nilimtazama baba, nikamtazama mama, ambaye alikuwa anachambua miba ya samaki kwa uangalifu wa daktari, nikaendelea kula. Nalikiri hilo hapa kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kusema kweli na sikuisema, na si kwa woga. Niliona mikono ya mama: samaki hakuwa tena na mwiba hata mmoja, nayo ilikuwa bado inachambua.

Kutoka Kibombo nilianza utafiti. Nilikuwa na daftari lenye maswali kumi na manne. Kwenye kijiji cha kwanza niliuliza la kwanza, kama kuna familia iliyopotelewa na mtoto wa kike wakati wa vita, na nikajuta. Kuna vijiji ambavyo swali hilo huulizwa mtu mmoja na kujibiwa na nyumba zote. Wanawake walinizunguka. Mmoja alisema masikio haya ni ya shangazi yake. Wa pili alikubali masikio lakini akadai magoti ni ya kwao. Wa tatu alinishika tu mkono na kukataa kuuachia, na nilipoona macho yake nilisahau maswali yote kumi na matatu yaliyobaki.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, kiatu changu cha kwanza mkononi.

Baba alivua kofia. Alimwamkia kila mmoja wao, akawapa pole ya kweli, kisha akauliza kwa sauti ile ile ya dirishani: “Tike iko wapi, mama?”

Wakauliza tiketi gani. Akawaeleza. Wakatazamana. Yule wa tatu aliachia mkono wangu pole pole, akasema basi si huyu, wake hakuwa na tiketi, alikuwa na shanga tu. Mama alimpa kikwembe kimoja kati ya viwili. Tulipopanda pikipiki nilimsikia akimwambia dereva wake kwamba kwa kweli kanuni za stesheni si mbaya zote.

Tunda tulifika alasiri ya siku iliyofuata. Tulipokewa na kapita, mkuu wa kijiji, mtu mnene mwenye kanzu safi aliyetuketisha barazani kwake na kuita watu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilisimama nikasema kwamba mtu anaweza kuwa na machimbuko mawili bila kusaliti hata moja, kwamba sikuja kudai wala kudaiwa, kwamba malezi na damu havipaswi kushindana. Kapita alisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kisha akauliza kama tumekula.

Pembeni ya baraza kulikuwa na mwanamke mzee aliyekuwa akipepeta mpunga. Hakuwa ameacha kupepeta wakati wa hotuba, wala simlaumu. Lakini baba alipochukua zamu na kusema kwa kifupi, “Mutoto aliachwa stesheni ya Kindu na muntu wa baiskeli,” ungo ulisimama. Yule mzee aliinuka, akanijia. Hakutazama uso wangu. Aliukamata mkono wangu, akaugeuza, akatafuta kitu kwenye kifundo.

“Walikuwa wamemufunga karatasi hapa,” alisema.

Kisha akaingia nyumbani kwake, na barazani tukasikia vitu vikisogezwa. Alitoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa nusu ya tiketi ya stesheni ya Kindu.

Huyo ndiye koko wangu, bibi yangu mzaa mama. Mjomba wa baiskeli alimkuta msituni, akampa karatasi, akamwambia kwamba aliye nayo ndiye mwenye mtoto. Kisha akatoka tena kutafuta chakula na hakurudi. Koko hajui kusoma. Vita vilipotulia alitembea hadi Kibombo, akamwonyesha mlinzi wa reli ile karatasi. Mlinzi alimwambia kwamba vitu vya namna hiyo hukaa salama, ila treni haiji. Basi akarudi kungoja treni. Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba watu wawili, mmoja Tunda na mmoja Kindu, waliingoja treni moja kwa ajili yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na wazo la kupanda pikipiki.

Baba alisimama. Aliipokea ile nusu kwa mikono miwili, akaanza kuisoma namba na kuimaliza akiwa amefumba macho, maana aliikumbuka kwa kichwa. Lakini akaigeuza, akairudisha kwa koko na kusema kwamba yeye kwa upande wake amepoteza nusu iliyofungwa kwenye mzigo, kwamba ni kosa lake na si la mwingine, na kwamba bila kulinganisha hawezi kuthibitisha.

Koko hakuelewa sheria. Alielewa tu kwamba karatasi yake imerudishwa. Alibaki ameishika mbele yake, mkono umenyooka, kama mtu aliyeambiwa dirishani kwamba amekosea stesheni.

Mama alikuwa na ushindi wake kilembani. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekwisha nyamaza mara moja. Ningeweza kunyamaza tena. Alimtazama koko na karatasi yake. Halafu akainua mikono, akafungua kilemba mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata mbele ya shemeji zake, akatoa nusu ya manjano na kuiweka kwenye kiganja cha mume wake.

“Linganisha,” alisema.

Baba alimtazama yeye, akatazama karatasi. Aliunganisha nusu mbili. Mchano uliingiana jino kwa jino. Kapita aliinama kutazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyeona kazi nzuri ya seremala.

Koko akaniomba nimsomee kilichoandikwa, maana alikaa nacho miaka yote bila kujua. Nilisoma: namba, Kindu, mtoto mmoja, wa kike, analia. Alicheka kwa “analia”. Alisema nililia hivyo hivyo tangu kuzaliwa. Kisha akasema, “Anasoma muzuri. Nani alimufundisha?”

“Mimi,” alisema mama, na akaanza kulia, na kutoa ripoti za shule.

Baba aliendelea, kwa sababu kazi ilikuwa bado haijaisha. Alivaa kofia. Alimtangazia koko kwamba mzigo umetunzwa kwa mujibu wa kifungu cha mizigo hai, kwamba haukuharibika bali umeongezeka, kwamba una lisansi ya chuo kikuu. Alinyoosha kofia ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Alisema sasa kinachobaki ni yeye kukabidhi nusu yake, ifungwe pamoja na hii, na mzigo utoke.

“Na mimi sitaulizwa?” nilisema.

“Muzigo hausemi,” alisema baba.

“Huyu anasema sana,” alisema koko. “Tumemusikia tangu saa tisa.”

Alikuwa amerudisha mkono wake kifuani, karatasi ndani ya ngumi.

“Hii sitatoa, baba,” alisema. “Mwana wangu wa kike hakuniachia kitu. Wa kiume hakuniachia kitu. Hii tu. Usiku nikiota vibaya naishika, najua mutoto iko. Treni ilipoanza kupita tena wakaniambia nenda. Sikwenda. Nikifika na waniambie hakuna, ningerudi hapa na nini? Mutoto nimemuona, ni muzima, nashukuru. Lakini karatasi ni yangu.”

Baba aliitazama ngumi ya koko, akaitazama nusu ya manjano mkononi mwake. Nilikuwa nimeishi naye muda wa kutosha kuona mahali furaha ilipoanzia: kwenye kona ya kofia.

“Basi kanuni ni wazi,” alisema. “Asiyekabidhi tike hapewi muzigo. Nasikitika sana, mama.”

Mama aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Kapita aliuliza kama sasa tunaweza kula.

Tulikaa Tunda siku nne. Nilipewa jina ambalo nilikuwa nalo kabla ya kuwa mzigo, na sitaliandika hapa. Nilipelekwa mahali mama yangu wa kwanza alipokuwa akilima mpunga. Siku ya kuondoka baba alimweleza koko kifungu kingine, ambacho sina hakika kama kimo kitabuni: kwamba mwenye tiketi ana haki ya kuja kukagua mzigo wake wakati wowote, kwa muda apendao.

Anakuja kila mwaka baada ya mavuno. Huja na mpunga, na kopo la maziwa chini ya kwapa, na hukagua kweli. Husema nimekonda. Mama hukasirika kwa siku nzima na kupika mara mbili zaidi, kisha hukaa uani wote wawili, yeye na koko, wakitwanga na kunisema kana kwamba sipo. Malaria ya mama haijarudi.

Kila koko anapofika kutoka mtoni, baba hutoka kumpokea akiwa amevaa kofia, husimama katikati ya mlango wetu na kumwomba tiketi. Koko hufungua kopo, mfuko, kitambaa, na kumwonyesha. Baba husoma namba yote bila haraka, ingawa anaijua. Koko humwacha aisome, lakini huishika kwa vidole viwili na hamwachii.